Gome la Mama Mkwe na Panya Weupe

Jumatatu, 3 Julai 1978. Mbeya.
Baridi kali. Ndoo ya nje ilikuwa na utando wa barafu. Nimesafisha vizimba vyote vya panya wa maabara. Maranda yameisha, na seremala hafungui mpaka Saba Saba ipite. Panya wanajikunyata, wanapandana. Nimewatandikia pumba za mpunga kutoka ghala la mashine ya kukoboa. Zina joto. Wakachimba humo, wakapotea.
Mke wangu Marselina naye alikuwa hivyo. Miguu ikishapata joto, kalala.

Alhamisi, 6 Julai.
Dokta Ambokile amewachoma panya wote sindano ya seli za kansa. Nusu watakunywa maji ya gome, nusu maji matupu. Gome ni la kule kwa wakwe zangu, Iringa. Wagonjwa wengi wanalinywa kwa siri, dokta anataka kujua kama linasaidia. Mimi ndiye niliyemwonyesha mti. Sikumwambia naujuaje.
Marselina aliliomba gome. Nilimkatalia, kwa sababu hospitali ilikataza dawa za pembeni. Ilikuwa kansa ya ini. Alikufa Februari. Msibani mama mkwe alisema watu wakisikia: "Mkwe wangu aliamini sindano. Gome liko nyuma ya nyumba."
Panya wakipona kwa gome, mimi ndiye niliyemuua. Sioni namna nyingine ya kulisema.

Jumanne, 11 Julai.
Panya wana mafua. Manyoya yamesimama, wanapiga chafya. Nimewaongezea pumba.

Ijumaa, 14 Julai.
Wamechangamka. Wanakula.

Jumatano, 19 Julai.
Dokta amewapapasa panya wa gome mmoja mmoja. Hakuna uvimbe. Amepiga makofi kama mtoto. "Mzee Kalinga, tumepata dawa!" Akaitwa wodini kabla ya kuwafikia wale wa maji matupu.
Nilitoka nikasimama nyuma ya tangi la maji. Sikula mchana. Wala jioni.

Ijumaa, 21 Julai.
Wa maji matupu nao hawana uvimbe. Dokta amewapapasa mara ya pili. Akauliza nini kimebadilika chumbani. Nikamwambia pumba.
"Mhehe wewe! Panya wangu umewalaza kwenye kitanda cha panya wa ghalani?"
Anasema wale wa ghalani waliacha ugonjwa wao humo. Ndiyo mafua yale. Jaribio limeharibika. Nimeona aibu. Hakunifukuza.
Gome halijashinda wala kushindwa. Nami niko palepale.

Jumanne, 25 Julai.
Dokta amechukua bandama ya panya wa pumba, na nyingine ya panya wa chumba cha pili ambaye hakuugua. Akatoa chembe nyeupe za damu za kila mmoja, akazichanganya na seli za kansa katika visahani viwili. Baadaye akatia rangi ya buluu. Seli iliyokufa inainywa rangi, iliyo hai inaikataa. Akaniita nitazame kwenye darubini. Kwa yule aliyeugua, buluu imejaa. Kwa mwenzake, hapa moja, pale moja.
Anasema kuna chembe zinazoua bila kufundishwa. Panya anazaliwa nazo. Huwa zimezubaa, ugonjwa mdogo unaziamsha, na zikiamka zinaua hata kansa. Wataalamu wamezipa jina juzi juzi tu: wauaji wa asili.
Nikauliza kama watu tunazo. Tunazo. Nikauliza kama Marselina alikuwa nazo. Akauliza Marselina ni nani. Nikamweleza yote, na gome.
Alivua miwani. Akasema alikuwa nazo, na zilipigana, ila uvimbe ukishakuwa mkubwa zinazidiwa. Tutarudia kwa panya wasiougua, juu ya maranda safi.
Marselina alikuwa akinipashia kikombe kwa maji ya moto kabla ya kumimina chai. Hata alipokuwa hawezi kusimama, aliniuliza kama nimekipasha.

Jumatatu, 14 Agosti.
Panya wote wana uvimbe. Wa gome, wa maji matupu, sawasawa. Dokta ameniambia taratibu, ameniwekea mkono begani. Gome halisaidii.
Nilidhani nitafurahi. Nimeosha vizimba, nimelia kidogo. Mpaka jana kulikuwa na kitu duniani ambacho kingemponya, hata kama ni mimi niliyekizuia. Sasa hakipo.

Jumamosi, 19 Agosti. Iringa.
Basi limechelewa kwenye mlima. Nimefika alasiri.
Kwetu mtu hatazamani na mama mkwe wake. Yeye alikuwa jikoni, mimi barazani, ukuta katikati. Nimemweleza kupitia dirisha habari ya panya, mwanzo mpaka mwisho. Sikuficha kwamba Marselina aliliomba gome nikakataa.
Nilisikia maharage yakimwagwa kwenye ungo.
"Nililichemsha, baba," akasema. "Lilikuwa tayari kwenye chupa. Nikaogopa utanirudisha mlangoni na chupa yangu. Sikuja."
Nikamwambia nisingemrudisha. Sijui kama ni kweli.
"Basi jambo hilo nimelala nalo mpaka leo. Msibani nilikusema wewe, nilikuwa najisema mwenyewe."
Akaendelea kuchambua maharage. Nami nikakaa.
Jua lilipoinama aliweka ugali na mboga kwenye kizingiti, akarudi ndani. Tumekula, yeye kule, mimi huku. Aliuliza kama chumvi imetosha. Nikamjibu imetosha, mama.