Kipuli Kimoja cha Marijani

Jumamosi jioni, Kitale. Mvua haijakata tangu alasiri, ile ya kupiga mabati mpaka watu wa nyumba moja wanaongea kwa kupaza sauti. Nimekaa kitandani na soksi mbili mbili. Sijui kama nina huzuni ama nina furaha, kwa hivyo naandika.

Leo nimepata marijani ya Baba.

Kwa wewe unayepita hapa mara ya kwanza: baba yangu alikuwa sonara, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya msikiti, hapa hapa mjini. Alipenda fedha kuliko dhahabu, lakini kuliko vyote alipenda marijani nyekundu, ile ya asili isiyotiwa rangi. Wakati mmoja alipata kipande kimoja cha marijani, akapanga kutoa vijiwe viwili vya mtindo wa zamani, juu mviringo kama mgongo wa harage, chini bapa. Vilikuwa vya vipuli vya Mama. Cha kwanza kilitoka kizuri ajabu. Alipoanza kusugua cha pili, akakuta tundu ndani, yale matundu ambayo marijani huwa nayo tangu baharini, na kijiwe kikampasukia mkononi.

Basi vikabaki vipuli viwili vya fedha, kimoja kina jiwe, kingine kikombe kitupu cha kuwekea jiwe.

Mtu mwingine angenunua jiwe la kutiwa rangi amalize kazi. Baba? Wapi! Alisema nyekundu haziko sawa, na hawezi kumvalisha mkewe uongo. Akatafuta miaka na miaka. Mama alikuwa akimtania, "Baba Zuhura, wewe utanizika na masikio matupu." Naye anajibu, inshallah kesho. Kuvaa kimoja Mama alikataa katakata. Ati yeye si kuku wa kuwekwa alama.

Halafu Baba ndiye akatangulia.

Mama alipomaliza eda, siku ya kwanza ya kurudi sokoni kuuza viungo vyake, alifungua kasha akavaa kile kimoja. Sikio la kulia marijani, la kushoto hakuna kitu. Tangu hapo hukivua tu akitaka kujipaka marashi, maana Baba alitufundisha kwamba marijani iliwahi kuwa kitu hai, na haipendi marashi wala ndimu.

Mimi niliona aibu. Wacha niseme ukweli, ni aibu, na uchungu juu yake. Kila mteja lazima aulize, "Mama, kipuli kingine si kimeanguka?" Na Mama anaanza kueleza toka mwanzo, pilipili manga inangoja kwenye mizani. Mimi huondoka hapo, naenda kutafuta chenji ambayo hakuna aliyeitaka. Sijawahi kumsimulia mtu hadithi hiyo kwa mdomo wangu, hata marafiki zangu wa karibu.

Nimemkosa Baba vibaya sana.

Kwa hivyo nikaanza kutafuta mimi. Nilijiambia kile kikombe kikijaa, labda na mimi nitatulia. Wiki hii sonara mmoja wa Bungoma akanitumia picha ya pete kuukuu iliyokatika, jiwe lake la marijani likiwa zima. Leo asubuhi nikamdanganya Mama kwamba napeleka vipuli visafishwe. Alikivua chake polepole, akakifunga kwenye kitambaa pamoja na kile kitupu. "Usikipoteze, Zuhura."

Bungoma kulikuwa na jua la kuchoma. Sonara alisugua lile jiwe kwa pamba yenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, pamba ikabaki nyeupe, kumbe halijatiwa rangi. Akaliweka kando ya la Baba juu ya karatasi, mlangoni penye mwanga. "Hizi ni ndugu, bana," akasema mwishowe. Lilikuwa kubwa kidogo, akalipunguza pembeni kwa maji, taratibu, kisha akalilaza ndani ya kikombe cha Baba na kuanza kukunja ukingo wa fedha. Ule mlio mdogo wa chombo kikikandamiza fedha sikuwa nimeusikia tangu Baba afe. Nililia pale pale, mbele ya watu waliokuja kununua saa. Sonara akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Nilirudi nikiwa na furaha ya mtoto wa Idi. Mama alikuwa jikoni akichambua mchele. Nikamwekea vyote viwili kiganjani. Aliviangalia, akavigeuza, akaviangalia tena. "Mashallah," akasema. "Angefurahi huyo."

Akavaa cha kulia. Cha kushoto akakishika tu.

Nikamwambia, Mama, si uvae.

"Leo nimekaa sokoni siku nzima bila kipuli," akasema. "Watu wamekuja, wamenunua, wameenda. Hakuna hata mmoja ameniuliza kitu. Unajua leo sijamtaja baba yako? Hata mara moja. Tangu nitoke eda, hii ndiyo siku ya kwanza."

Mchele ulikuwa bado mapajani mwake.

"Nikivaa vyote viwili, nitakuwa tu mama mwenye vipuli vizuri."

Akanivuta karibu, vile alivyokuwa akinivuta nikiwa mdogo akitaka kunisuka. Akanivua vile vya plastiki nilivyovaa, akaviweka mezani, akanivisha marijani sikio la kushoto. La kulia akaliacha tupu. Akarudi nyuma kidogo kunitazama, akacheka, machozi yanamtoka. "Sasa tuko kuku wawili."

Ni kizito kuliko nilivyofikiria, na kina baridi. Nakishika kila nikimaliza sentensi.

Kesho nitakaa na Mama sokoni tangu asubuhi, na sitaenda kutafuta chenji. Najaribu kupanga nitaanzia wapi, kwa lile tundu ama kwa kibanda cha nyuma ya msikiti. Najua nitalia kabla sijafika nusu.

Lakini mtu aniulize. Tafadhali, kesho mtu mmoja tu aniulize kingine kiko wapi.