Filamu ya Farasi na Tafsiri ya Baba

Jumatatu, 4 Agosti

Nimesahihisha madaftari ya Kidato cha Pili hadi macho yanawasha. Nusu ya darasa hawajui Kiingereza. Nusu nyingine wanajifanya wanajua. Nimerudi, nimemkuta Baba kanuna, uji haukumpendeza. Sijui lini umewahi kumpendeza.

Dada Zuhura bado yupo hapa kwetu Raskazone, Tanga. Alitoroka kwa mumewe Mombasa na begi moja. Haongei. Anafua vilivyokwisha fuliwa. Leo mumewe, Nassor, kapiga simu: Jumapili anakuja kumchukua, Ami Seif, ndugu yake Baba, aongoze kikao. Baba kajibu vizuri, mambo yaishe kwa heri. Zuhura alikuwa anasikia. Kaendelea kukunja mashuka.

Ami Seif atapiga maneno tu. Uamuzi ni wa Baba. Akisema Zuhura abaki, atabaki. Akisema aende, basi tena.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeipata Filamu ya Farasi mtandaoni. Ndivyo tulivyoiita, maana bwana harusi anaingia juu ya farasi mweupe akiimba. Kila Idi kaseti hiyo hiyo ya Kihindi, watoto wa jirani wamejaa hadi kizingitini, na Baba kwenye kiti chake anatutafsiria. Kila nyumba ilikuwa na mtafsiri wake. Wetu alikuwa bora mtaa mzima, alikulia kwenye duka la Wahindi, Kihindi kwake ni maji. Mama mkwe akifa ndani ya filamu, Baba alitafsiri mpaka majirani wakalia kwikwi.

Nilitaka Zuhura acheke. Basi.

Tumekaa watatu. Loo, filamu mbovu ile! Bwana wa farasi niliyemuota utoto wangu wote ni zee lililopakwa poda, kitambi kinamtangulia. Nyimbo tatu nzima anamfukuza msichana bustanini. Msichana anasema hataki, yeye anazidi kuimba. Angefanya hivyo nje ya geti la shule yetu ningemwitia polisi. Kuna mpishi mnene, kila akitokea anapigwa sufuria ya kichwa. Hapo ndipo tulipokuwa tukigaragara kwa kicheko. Leo nilimwonea huruma yule mpishi, nikajionea haya mimi.

Lakini nyimbo bado nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi. Mguu wangu ulikuwa unacheza wenyewe. Zuhura naye midomo ikaanza kufuata maneno, na kwa mara ya kwanza tangu aje nikayaona meno yake.

Kisha likaja lile kofi. Wameshaoana, mume kasikia uvumi, anampiga mkewe kibao mbele ya wageni. Mke anaanguka miguuni pake, anasema huku analia. Baba, kama zamani, akatafsiri kwa sauti yake ya majonzi: "Nisamehe, mume wangu, kosa ni langu." Marehemu Mama alikuwa akifika hapo anajifuta machozi kwa upindo wa leso.

Safari hii maneno ya Kiingereza yalikuwa yakipita chini ya kioo. Nimeyasoma. Zuhura kayasoma, shule alisoma vizuri huyu kabla hawajamtoa. Bibi yule wa farasi anasema: Nirudishe kwa baba yangu.

Wimbo ukaanza. Baba alikuwa anapigapiga goti kwa kiganja, kafurahi.

Ijumaa, 8 Agosti

Zuhura kazungumza. Jikoni, kakalia mbuzi, anakuna nazi.

Mwaka wa kwanza wa ndoa aliwahi kurudi. Mimi nilikuwa shule ya bweni, sikuambiwa. Nassor alikuwa kamvunja kidole. Baba alimpokea mlangoni, akampa maji, akamwambia: mwanangu, umemsahau bibi wa farasi? Si aliomba radhi, na mwisho akavishwa dhahabu? Jioni ile ile akampandisha basi la Mombasa.

"Nikaenda nikaomba radhi kama bibi wa farasi," kasema. "Na kila nikipigwa naomba tena, Rukia. Nasubiri wimbo wa mwisho."

Nyama ya nazi ilikwisha zamani, yeye bado anakuna kifuu. Nimemnyang'anya.

Baba aliporudi msikitini nimemuuliza kama ile tafsiri alikosea. Hakushtuka hata kidogo. Kaniambia mtoto wa kike hatafsiriwi kila kitu. Kisha kaomba uji. Nimempa. Nilitamani kummwagia. Namchukia leo, Mungu anisamehe, na asiponisamehe pia sawa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nassor kafika, siku moja kabla ya kikao. Kavuka mpaka wa Horohoro asubuhi na mapema, kaleta halua, leso doti mbili na uturi wa kuumiza kichwa. "Shikamoo Baba," kainama nusura abusu zulia. Hiyo ndiyo adabu ya paka akiona samaki. Zuhura hakutoka chumbani.

Kaniuliza kwa nini mpaka leo sijaolewa. Nimemwambia kila nikimtazama yeye nazidi kumshukuru Mola. Baba kanikemea. Watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Huyu mimi ningependa aondoke jana.

Jumapili, 10 Agosti



Pilau haijaisha, kikao kikaanza. Ami Seif kafungua kwa dua ndefu. Nassor kasema ndiyo, amekosa kidogo, hasira za kiume. Kidogo! Ndipo Baba akakohoa, akaingia na sauti yake ile ya Idi: "Zuhura mwanangu, humu ndani mmelelewa kwa mifano. Unamkumbuka bibi wa farasi?"

Zuhura katoa simu. Kaiweka katikati ya sahani, kabofya. Kilio cha yule bibi kikajaa sebuleni.

"Baba, anasemaje?"

"Anaomba radhi."

Kamgeukia Ami Seif. Ami na Baba walikulia duka moja. "Ami, wewe umesikia nini?"

Ami Seif kautazama wali. "Kihindi mimi nimeshakisahau, mwanangu."

Muongo mkubwa! Juzi tu alikuwa anatukanana na fundi saa kwa Kihindi hicho hicho, barabara nzima inasikia.

Zuhura kairudisha nyuma. Kaipiga tena. Na tena. Nassor anamwambia zima upuuzi huo, filamu tu hiyo. Kaipiga tena. Baba akapasuka.

"Anasema arudishwe kwa baba yake! Haya! Nilijua tangu siku ya kwanza. Ningewaambia hivyo, mngekaa kwa waume nyinyi? Mngenijaa humu!"

Nassor katikisa kichwa kukubali, mdomo umejaa nyama.

"Mimi nilirudi kwa baba," Zuhura kasema. Sauti ndogo mno. "Nilirudi, Baba."

Nilimtazama Baba. Wallahi nilidhani atalegea. Kapangusa ndevu, kasema, "Na kesho utaondoka na mumeo."

Zuhura kavaa buibui, kachukua begi lake. Kumbe alishalifunga. Anakwenda Pangani kwa Mama Mdogo. Nassor kamfuata mpaka mlangoni, anapiga kelele kwamba akivuka kizingiti hicho, yeye si mke wake tena.

"Basi toa talaka hapa hapa, Ami yupo ashuhudie," Zuhura kamjibu. "Harakisha, bajaji inanisubiri."

Nassor hakuitoa, karudi kukaa. Mwanamume mzima. Baadaye kaondoka, na halua yake kaibeba.

Baba hakunyanyuka kitini. Sikumpelekea chai.

Jumatatu, 11 Agosti

Shule. Nimemfokea mtoto wa watu bure, kakosea sentensi moja tu.

Baba hajala. Njaa itamfundisha.

Alhamisi, 28 Agosti

Manyunyu tangu asubuhi. Baba sasa halalamikii chakula wala hakisifu, anakitazama tu. Kalegea miguu, anakwenda msalani kwa kunishika bega. Kila siku swali moja. Zuhura je? Nimpigie.

Leo nimempigia, nimekaa kitandani kwa Baba. Tangu augue, masikio yake hayashiki tena sauti ya simu. Zuhura kapata kazi ya kupika kwenye nyumba ya wageni kule Pangani. Kanieleza habari za ng'ambo ya mto, bei ya nazi, mguu wa Mama Mdogo. Kacheka hata. Nikamwambia Baba hali yake si nzuri, anamuulizia.

"Mwambie baba yangu nilishamzika," kasema. "Asiniulizie tena."

Baba alikuwa ananivuta mkono wa gauni. "Anasemaje? Rukia, anasemaje?"

"Anasema shikamoo Baba. Anakuombea afya. Akipata nafasi atakuja."

"Marahaba," Baba kasema. Akasema tena, marahaba, akageukia ukutani, akalala.

Nimemfunika miguu. Nimetoka kuanua nguo.