Muziki Nimeupanga Mimi, Anashukuriwa Padre

Mama Getruda, mshauri wetu wa gazetini, nisaidie kabla ya Agosti, maana nimesema uongo na mtu niliyemsingizia anakuja. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mwanakwaya, na miaka miwili iliyopita kinanda cha kanisa kilikufa, panya walikula mvukuto na vipuri havipatikani Musoma wala Mwanza, nami nilikuwa na kitabu cha noti alichoniachia Padre Florian alipostaafu kurudi Ujerumani, konseto ya zamani sana, kinanda kinajibizana na kundi la fidla, nikasema muziki huu usilale bure, nikaupanga upya kwa vyombo tulivyonavyo, mbio za mkono wa kulia nikazigawa kwa litungu mbili, vile vinubi vyetu vya asili, moja inauliza na nyingine inajibu kwa sababu nyuzi nane za litungu moja hazitoshi, mkono wa kushoto nikaupa kodiani, fidla nikazigeuza sauti za kwaya zisizo na maneno, kazi ya miezi saba, naandika nyuma ya karatasi za mitihani maana madukani hakuna daftari.

Nilipompelekea mwenyekiti wa kwaya, Isidori, hakufungua hata ukurasa, aliniuliza tu, "Nani kapanga?" nikakumbuka nilikuwaga nikileta wimbo wangu ananiambia, "Mwalimu, hayo kawaimbishe watoto," basi nikajibu, "Padre Florian." Akasema, "Ah! Tuanze leo leo."

Tumepiga Nyasho, Bunda na Butiama, watu wamesimama, na Mzee Mniko mpiga litungu anasema hajawahi kupewa kazi inayovijua vidole vyake namna hii, nami nampigia padre makofi pamoja nao. Sasa padre anakuja kwenye jubilei ya parokia na Isidori amemwandalia risala ya shukrani. Nikisema, mimi mwongo. Nikinyamaza, padre mwenyewe atakana. Nifanyeje? Kazi ni nzuri, hilo sina shaka nalo.

Dafroza, Makoko, Musoma, Julai 1986

Dafroza mwanangu, pole, lakini lazima nikugombeze. Isidori alikukosea, ila ulimi uliodanganya ni wako. Umewaacha watu wamshukuru mtu ambaye hakuandika hata noti moja. Na wasichana wa kwaya yenu wameamini kwamba kazi kama hiyo haiwezi kutoka kwa mwanamke. Hilo limeniuma kuliko uongo wenyewe.

Lakini tazama, umesaini jina lako halisi na mahali unapokaa, gazetini! Basi usiniambie unaogopa. Watu wa Makoko watalisoma hili wiki hii, uwawahi. Leo nenda kwa Mzee Mniko, yeye asisikie kwa wengine. Padre mwandikie barua ya kumwomba radhi, ipeleke posta kesho asubuhi. Kisha simama kwenye mazoezi useme, "Nilidanganya. Muziki huu nimeupanga mimi." Sema mara moja, usilie, usijieleze kutwa nzima. Isidori akibisha, muulize mbele ya wote kwa nini litungu ni mbili na si moja. Akikosa jibu, wewe lieleze, halafu ukae chini.

Siku ya jubilei padre akae na waumini, asikilize kama wengine. Wewe simama mbele ya kwaya, inua mkono, waanze.