Mkwe Wangu Anadhani Nimemziba Mdomo

Mshauri mpendwa, mimi nimezoea mikasi na cherehani, lakini hili limenishinda kushona, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi.

Mimi ni fundi wa makochi, mjane, nyumba hii nimeijenga kwa sponji na misumari bila kushikwa mkono na mtu, na nikikata kitambaa cha kochi kwa hesabu ya kichwani hakibaki hata kipande cha kufutia meza. Mwanangu wa pekee alioa mbali, akaniletea mke mjamzito asiyejua neno la lugha yangu wala mimi la lugha yake, kisha akarudi kazini. Tukawa tunaongea kwa kompyuta yangu, maana kile kivinjari cha kufungulia mtandao kina kitafsiri chake ndani, anaandika yeye nasoma mimi, naandika mimi anasoma yeye, na tulikuwa tunacheka mpaka chai inapoa.

Basi jioni moja akaandika kwamba vumbi la sponji linamkohoza, anaomba nihamishie ukataji uani. Mshauri, iliniuma. Nikamjibu kwamba vumbi hilo ndilo lililomsomesha mumewe na ndilo lililonunua bati analolala chini yake. Akasoma, akafunga kompyuta taratibu, akaenda kulala.

Kesho yake kompyuta ikaniambia imejaa, nami nina picha za makochi ya wateja, nikaingia ndani nikakuta folda moja nene yenye jina lisilosomeka, nikasema huyu mpangaji halipi kodi, nikafuta, mafaili mengine yakagoma nikayaacha, nikamwaga na pipa la taka la humo kwenye kompyuta. Kumbe ndicho kitafsiri! Kitufe chake bado kipo, ukikibonyeza kinazungukazunguka tu. Mkwe akabonyeza, akabonyeza tena, akaniangalia. Sasa anakula chumbani. Amemwambia mumewe kwamba nimemnyamazisha, na mwanangu akanipigia: "Mama, kama humtaki, si ungeniambia mimi?" Jumamosi anakuja kumchukua akajifungulie kwao, na sauti yake haikuwa ya mtu atakayemrudisha.

Fundi wa simu hapa jirani anataka kufuta kompyuta nzima, na picha zangu zote. Na mimi niombe radhi kwa kosa nisilolikusudia, kwenye kompyuta yangu, kwa umeme ninaoulipia mwenyewe?

Fundi wa Makochi

*

Mama fundi,

Pole. Tuanze na kompyuta, maana hiyo ndiyo kazi rahisi. Usimpe mtu aifute. Kitafsiri ni sehemu ya kivinjari, na kivinjari kinajua kujiletea kitafsiri kingine. Kinachokukwamisha ni yale mafaili yaliyogoma: ulifuta folda kivinjari kikiwa wazi, yakabaki nusu, na kivinjari kikiona folda ipo kinadhani kila kitu kipo. Kifunge kabisa. Futa mabaki ya folda ileile, hiyo tu, mkono usitembee. Kifungue tena, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya lugha, upakue upya lugha yako na ya mkweo. Kikigoma, chukua kivinjari kipya kwenye tovuti ya wenyewe waliokitengeneza, ukiweke juu ya hicho ulicho nacho. Picha zako haziguswi. Na vitafsiri vya bure vitakavyokuchungulia njiani, vipite.

Sasa wewe. Unauliza kama uombe radhi kwa ajili ya folda. Nani kakuuliza habari za folda? Mwanamke mwenye mimba alikwambia anakohoa, nawe ukamsomea risiti ya bati. Siku ile kitafsiri kilikuwa kizima kabisa, mama. Alinyamaza kikiwa kizima.

Na mwanao anaongea nawe, anaongea na mkewe, kwa hiyo anajua lugha zote mbili. Ungempigia siku ile uliyofuta folda akusemee kwamba ni bahati mbaya, yakaisha. Hukupiga, kwa sababu ingebidi umwambie na ulichomjibu mkewe. Najua umejijenga peke yako, na hakuna anayekunyang'anya hilo. Lakini huyo binti hakuja kukudai chochote zaidi ya hewa.

Kwa hiyo leo, kabla hujagusa kompyuta, beba meza ya kukatia uipeleke uani, mchana, aione ikipita. Kisha mpigie mwanao umweleze yote, na lile jibu la bati likiwemo. Halafu tengeneza kitafsiri. Kikirudi, usianze wewe kuandika. Msogezee yeye kompyuta, ukae, usome.