Alikabwa Kidogo

Jumatatu, 14 Julai
Baridi. Nimesoma taarifa ya habari ya saa moja asubuhi redioni kama kawaida. Kibwana, mhariri wetu, kaniletea habari ya tatu: "Wivu wa mapenzi wazua kizaazaa Mkonze." Mume kamkaba koo mkewe, Mariamu, muuza mafuta ya alizeti, mpaka akazimia. Kizaazaa! Utadhani mbuzi kaingia dukani. Nimesoma "anadaiwa kujaribu kumuua mkewe." Kibwana kanuna. Anune.

Jumanne, 15 Julai
Kipindi cha asubuhi wamemfanya Mariamu kichekesho. "Ukikabwa ujue unapendwa!" Wakacheka mpaka wakakohoa. Msikilizaji akapiga simu: huyo mama naye alifanya nini? Wakampa nafasi ya kutosha. Wapumbavu wenye vipaza sauti.

Alhamisi, 17 Julai
Mariamu kaja mwenyewe studio. Mtandio shingoni. Damu imevilia kwenye weupe wa macho. Sauti imekwaruza, maneno yanatoka nusu nusu.
"Dada, nimewasikia mnanicheka. Nataka niseme mwenyewe."
Nikamrekodi. Kibwana kasikiliza kidogo, kavua spika za masikioni.
"Sauti mbovu. Haifai kwenda hewani."
"Mzee, sauti imeharibika kwa sababu kakabwa."
"Nimemwona akifungua mtandio, shingoni hana hata alama. Alikabwa kidogo tu."
Kidogo. Shule yote ile, na hilo ndilo neno alilolipata. Namdharau. Sina neno la adabu zaidi.

Ijumaa, 18 Julai
Nimeirusha saa kumi jioni. Sikumuuliza mtu. Mariamu alisema: "Wivu gani? Hakuwa na hasira. Alikuwa ametulia, ananitazama usoni."
Kibwana kaja mbio, mlango nimeufunga kwa ndani.

Jumatatu, 21 Julai
Nimeondolewa kwenye habari. Eti nimekiuka utaratibu. Sasa nasoma salamu: fulani wa Kongwa anamsalimia shemeji yake. Wale wachekeshaji wapo palepale, leo wanacheka jambo jingine. Hakuna aliyeomba radhi. Nimelia chooni, kwa hasira tu.

Jumapili, 27 Julai
Nimekwenda Gulwe, kwa mama yake Mariamu. Mume yuko mahabusu. Ndugu zake wamekuja kuomba yaishe kifamilia, mama kawafukuza.
Tangu siku ile Mariamu alikuwa akinywa uji tu, kumeza kulimuuma. Leo mama kasonga ugali, kapika mlenda. Mariamu kamega tonge dogo. Tukamtazama. Likashuka.
Akamega jingine.