Vikombe Viwili vya Hesabu

Sipora,

Uji uko jikoni. Nawahi treni ya Munisagara, kesho narudi. Kuku wafungie mapema.

~~Kikombe cha marehemu baba yako usikiguse tena.~~

Asubuhi nilikunyang'anya kikombe hicho kwa ukali, kumbe ulikuwa unafanya hesabu tu. Mwaka sabini na mbili baba yako alitufundisha darasa la watu wazima. Alificha maharage sawasawa chini ya vikombe viwili, akaweka matatu pembeni. "Jumla kumi na moja. Kila kikombe kina mangapi?" Mimi nikataka kufunua nichungulie! Akanishika mkono: "Toa kwanza matatu, Elizabeti, kisha gawa." Hakuuachia upesi, nami sikuuvuta.

Kikombe chake hicho hapo, kando ya changu. Hesabu ile haifanyiki kwa kikombe kimoja.

Mama yako