Seli Zangu Kwenye Mashine ya Kuvuta

Shoga, mimi ndiye mwanamke wa kwanza mtaani kunyooshwa na mashine ya maabara! Haya, si mimi, ni seli zangu. Mimi mwenyewe hata trekta halininyooshi.

Unakumbuka ule uboho walionitoa ndani ya mfupa wa nyonga? Mjukuu wangu ndio anaousomea. Seli shina, zile changa ambazo hazijaamua ziwe mfupa au kano, anazilaza juu ya mpira laini, mashine inauvuta na kuuachia. Zikigeuka kano, anahitimu. Zikifa, miaka yake yote imekwenda na maji, maana daktari kakataza nisitobolewe tena.

Leo kanipeleka nikazione. Nikainamia hadubini. Nikaziambia, "Shikilieni hapohapo, wanangu, msituangushe." Machozi yakanitoka, shoga. Machozi!

"Zinaendelea vizuri, bibi," akasema, anatazama sakafu.

Mara akaingia mwenzake wa maabara. "Bibi, pole sana. Seli zako zilibanduka zote wiki iliyopita, zikafa, tukazitupa."

Zikafa! Nikamgeukia mjukuu wangu. "Na hizi nilizoziita wanangu?"

Akajibu kwa sauti ndogo:

"Za panya, bibi."